Raundi si Mzigo: Namna ya Kuzoesha Injini Mpya Yenye Nguvu

Ukuta wa silinda mpya ukiupapasa kwa kidole unauona laini. Ukiuweka chini ya hadubini ni shamba lililolimwa matuta. Kiwandani, silinda ikishachongwa kufikia kipimo chake, huingizwa mawe ya kusugulia yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, yakaacha mikwaruzo inayokatizana kama nyuzi za wavu. Mikwaruzo hiyo si kasoro. Imewekwa makusudi, na kina chake ni maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa maikroni sabini hivi. Mabonde yake hushika oili. Vilele vyake vinasubiri ringi za pistoni zije zivikate.

Kazi yote ya kuzoesha injini mpya inaanzia hapo. Ringi na ukuta ni vyuma viwili ambavyo havijawahi kukutana, na vinatakiwa kulana kidogo kidogo mpaka kila kimoja kifuate umbo la mwenzake. Vikishapatana, gesi haipenyi kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili haipenyi kupanda kwenye moto. Muda wa kupatana ni mfupi. Vilele vikiisha kukatika, au vikifunikwa kabla ya kukatika, havioti tena mpaka injini ifunguliwe.

Waulize mafundi watatu jinsi ya kuendesha gari lenye injini mpya, na hutakosa majibu mawili yanayopingana. La kwanza husema: nenda taratibu, usiikaripie, iache izoee yenyewe. La pili husema: ikanyage tangu siku ya kwanza, ijue kazi iliyonunuliwa kuifanya. Wenye majibu hayo, wote wawili, wana injini wanazoweza kukuonyesha kuwa zimedumu, na wote wawili wana injini zilizokufa wakifuata ushauri wao. Kwa miaka nimesikiliza ubishi huu, na nimefika mahali pa kuamini kwamba unatokana na kuchanganya vitu viwili ambavyo mguu wa dereva huvihisi kama kimoja: raundi na mzigo.

Raundi ni hesabu ya mizunguko ya injini kwa dakika. Mzigo ni uzito wa kila mlipuko mmoja ndani ya silinda. Lori la tani thelathini linalopanda mlima Kitonga kwenda Iringa lina raundi chache na mzigo mkubwa. Kijana anayeikanyaga pikipiki yake ikiwa imesimama kijiweni ili wenzake wasikie mlio, ana raundi nyingi na mzigo karibu na sufuri. Sauti ya pikipiki ndiyo inayotisha, lakini ndani ya silinda kazi inafanyika kwenye lori.

Tuanze na mzigo, kwa sababu ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Wengi hudhani ringi huubana ukuta kwa ukakamavu wake, kama springi iliyokunjwa. Ni kweli, ila kwa sehemu ndogo. Mkazo huo wa ringi yenyewe unatosha kuishikilia mahali pake tu. Kinachoisukuma hasa ni moto. Mafuta yanapowaka, gesi hujipenyeza kwenye mfereji wa pistoni, ikapita juu ya ringi, ikaizunguka hadi mgongoni, kisha ikaisukuma nje dhidi ya ukuta. Katika injini ya turbo iliyo kazini, shinikizo hilo hupita mara mia moja ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma tu, ile hali mafundi wetu wanayoiita silensa, shinikizo ni sehemu ndogo sana ya hiyo.

Kwa hiyo ringi hubana kwa kadiri ya kazi inayofanywa. Pasipo kazi, ringi huteleza juu ya oili kama ngalawa juu ya maji, na vilele havikatiki. Na balaa halikomei hapo. Oili inayobaki juu ya ringi zisizobana hupikwa na joto la mwako, ikageuka utando mwembamba, mgumu, wa rangi ya kahawia, unaong'aa. Utando huo hujaza mabonde. Ukuta uliokuwa na wavu wa kushika oili unakuwa kioo. Ringi iliyonyimwa kilele cha kukata katika kilomita za mwanzo haitakipata baadaye, hata ukiikanyaga namna gani.

Hili nililijifunza kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita injini ya gari langu, la zamani, lenye turbo, ilifunguliwa yote ikafungwa upya: silinda zilitanuliwa, pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Fundi aliyeifunga alikuwa mtu makini na mikono yake ilikuwa safi katika kazi. Alipoiwasha ikaitika mara ya kwanza. Nikanyoosha mkono kutaka funguo, akanizuia: "Iache ingurume hapa, kaka, kutwa nzima. Ijizoeze polepole." Ikanguruma saa sita uani kwenye gereji. Baada ya hapo, kwa wiki tatu, niliiendesha mjini kama mtu aliyebeba mayai, sikuvuka raundi elfu mbili, na niliona fahari kwa subira yangu. Ilipofika kilomita elfu tatu ilikuwa inakula lita nzima ya oili kila kilomita elfu moja, na asubuhi ilitoa moshi wa bluu ambao jirani aliuona kabla yangu.

Ilipofunguliwa tena, pistoni zilikuwa salama na beringi zilikuwa salama. Kuta za silinda zilikuwa zinang'aa kama sahani ya shaba iliyosuguliwa kwa jivu. Wavu wa mikwaruzo ulionekana chini ya utando, mzima, haujatumika.

Sasa raundi. Kwa nini basi viwanda vinavyojenga magari yenye nguvu kubwa vinasisitiza kuziwekea mpaka? Chukua BMW M3 ya sasa, yenye injini waliyoipa jina S58. Ina silinda sita, kila moja kipenyo cha milimita 84, na pistoni husafiri milimita 90 kutoka juu hadi chini. Mwisho wa raundi zake ni 7,200. Mwongozo wa magari ya M, yale ya nguvu ya BMW, humtaka mwenye gari, kwa kilomita 2,000 za mwanzo, asizidi raundi 5,500 wala kilomita 170 kwa saa, abadilishebadilishe mwendo, na asikanyage mafuta hadi mwisho.

Fanya hesabu. Kwa raundi 7,200 injini inazunguka mara 120 kila sekunde, na kila mzunguko pistoni inapanda mara moja na kushuka mara moja. Wastani wa mwendo wake ni mita 21.6 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 78 kwa saa, huku ikisimama kabisa na kugeuka mara 240 ndani ya sekunde hiyo moja. Kila inapogeuka, konrodi inavutwa, pini inavutwa, beringi zinapokea. Nguvu hiyo ya kugeuza haipandi sambamba na raundi. Inapanda kwa mraba wake. Ukishuka kutoka 7,200 hadi 5,500 umepunguza raundi kwa chini ya robo, lakini nguvu inayozivuta sehemu hizo imepungua kwa zaidi ya asilimia arobaini. Mpaka wa raundi 5,500 hauinyimi ringi mzigo wake. Unazilinda sehemu nyingine wakati ringi bado inafanya kazi ya kukata, na unazuia joto la msuguano lisiruke kuliko oili inavyoweza kulibeba. Vilele vikikatwa kwa mwendo mkali kupita kiasi havikatiki kwa usafi: huyeyuka na kupakazana, chuma kikahamia kwenye chuma, na hapo ukuta unapata michirizi ya wima ambayo hakuna oili itakayoitibu.

Viwanda havikubaliani kwa tarakimu. Porsche hutaja kilomita 3,000. Subaru hutaja 1,600 chini ya raundi 4,000. Toyota hutosheka na 1,000. Tofauti hizi zisimtie mtu wasiwasi, kwa maana injini zenyewe hazifanani, wala kuta zake hazifanani. Ile S58 haina slivu, yaani mrija wa chuma, ndani ya bloku yake ya alumini. Ukuta wake ni koti jembamba la chuma lililorushwa likiwa limeyeyuka, lenye vishimo vidogo vinavyoshika oili. Na viwanda vingi leo husugua silinda mara mbili: mara ya kwanza kuchora wavu, mara ya pili, kwa mawe laini zaidi, kuvikata vile vilele virefu. Sehemu kubwa ya kazi aliyoachiwa babu yako imeshafanywa kabla gari halijapanda meli. Kinacholingana katika vitabu vyote ni sharti moja, nalo ndilo watu hulisahau kwanza: usiendeshe kwa mwendo mmoja muda mrefu. Barabara ndefu iliyonyooka, mguu umetulia, raundi hazitikisiki, hiyo kwa injini mpya ni silensa ya aina nyingine.

Nimemtaja babu, na nisimwonee. Katika Uingereza ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia madereva walibandika kibandiko kwenye kioo cha nyuma kuwaomba walio nyuma yao: injini yangu ni mpya, tafadhali nipite. Hawakuwa waoga. Vyuma vya wakati ule vilichongwa kwa vipimo vilegevu, na oili yake ilikuwa oili tupu, bila viungo vinavyokinga leo. Ushauri wa kwenda kama konokono ulikuwa wa kweli kwa injini zile, nao ukarithiwa na mafundi waliozifungua, wakawarithisha wanagenzi wao, hadi ukafika kwenye injini ambazo hazikuuomba.

Kuna pia urithi wa upande wa pili. Injini za zamani za Marekani za silinda nane zilikuwa na kemshafti inayosugua moja kwa moja kitako cha chuma bapa, bila roli. Oili ya kulainisha pale ilirushwa na krankishafti inapozunguka, na kwenye silensa haikurushwa ya kutosha. Kwa hiyo injini hiyo, mara tu ikiwaka, ilitakiwa ipandishwe hadi raundi 2,000 hivi na kushikiliwa hapo kwa dakika ishirini au zaidi, ikiwa na oili yenye zinki na fosforasi. Aliyeiacha ingurume taratibu alikula kemshafti mchana huohuo. Ukikutana na mtu anayeapa kwamba injini mpya ni lazima ipigwe raundi mara moja, huenda alifundishwa na injini kama hiyo, na kwa injini hiyo alikuwa sahihi.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote hautoki barabarani. Unatoka angani. Ndege ndogo za Cessna 172, zile wanazojifunzia marubani katika viwanja kama Wilson pale Nairobi, hubeba injini za Lycoming zinazopozwa kwa upepo. Injini hiyo ikitiwa silinda mpya, mwenye kuitengeneza hasemi irushwe kwa upole. Anaagiza nguvu ya asilimia 65 hadi 75, na oili ya madini tupu kwa saa 50 za mwanzo au mpaka ulaji wa oili utulie. Rubani anaambiwa asiichezeshe ardhini muda mrefu, na anaposhuka asiiondolee nguvu yote. Sababu ni ileile ya uani kwa fundi wangu: bila shinikizo ringi hazikati, oili inapikwa, ukuta unakuwa kioo, na dawa yake ni kuivua silinda na kuisugua upya. Watu ambao injini ikiwazimikia hawana pa kuegesha wamechagua mzigo. Hilo ni jambo la kulipa uzito.

Hata hivyo sisemi mwenye M3 mpya ajifanye rubani. Gari jipya kutoka kiwandani si injini peke yake. Difu ya nyuma ina meno mapya yanayosuguana kwa kuteleza, na hupata joto kali katika safari za kwanza kuliko itakalopata maisha yake yote. Tairi mpya zina utelezi wa kiwandani, na breki bado hazijashika uso wa diski. Hizo zinahitaji kilomita mia chache za kushikwa kwa kiasi. Aliyeandika kitabu cha gari ameyafikiria yote hayo kwa pamoja, na kwa gari lenye kitabu, kitabu kifuatwe. Ubishi wangu ni na yule anayekisoma kitabu kinachosema usizidi 5,500, kisha akaamua kwamba 2,000 ni bora zaidi.

Kabla ya mzigo, joto. Alumini ya pistoni hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na pistoni za kufuliwa zinazotumika katika injini nyingi za nguvu huachiwa nafasi pana zaidi zikiwa baridi. Asubuhi pistoni hiyo hutikisika kidogo ndani ya silinda. Mafuta nayo humwagwa kwa wingi ili injini ibaki hai, na yale yasiyoungua huosha oili ukutani na kuteremka kwenye sampu. BMW walilijua hili tangu zamani: M5 ya mwaka 1998 iliwekewa taa kuzunguka mshale wa raundi, zinazozimika kadiri oili inavyopata joto, kila moja ikimruhusu dereva kupanda hatua nyingine. Gari lisilo na taa hizo linahitaji dereva anayejua kwamba kipimo cha maji hufika katikati mapema, huku oili ikiwa bado nyuma kwa dakika kadhaa. Safari za kilomita mbili kwenda dukani na kurudi ni adui wa injini mpya kuliko mlima.

Na oili ya kwanza. Bibi yangu alipoletewa kinu kipya hakutia mahindi ya kuliwa. Alitwanga pumba, akazimwaga, akatwanga tena, akamwaga, mpaka kinu kilipoacha kutoa chembe za mti. Oili ya kwanza ya injini ni zile pumba. Ukiipeleka maabara inaonyesha chuma kilichotoka ukutani, shaba ya beringi, alumini ya pistoni, hata silikoni ya gundi za kuzibia, kwa kiwango ambacho katika injini kongwe kingemfanya mtu ashike kichwa. Filta hunasa chembe kubwa, lakini ndogo huendelea kuzunguka na kusaga. Ndiyo maana magari ya M huitwa gereji kwenye kilomita 2,000 kubadilishiwa oili ya injini pamoja na ya difu, na Corvette Z06 ya mwaka 2015 ilitakiwa kubadilishwa oili ya kwanza baada ya maili 500 tu, yaani kilomita 800. Mimi ningeibadilisha hata pale kitabu kinaponyamaza. Gharama yake ni oili na filta.

Swali la sinthetiki huulizwa sana, kama oili hiyo inateleza mno kiasi cha kuzuia ringi zisikate. Kwa injini mpya ya kiwandani halina tena uzito: Corvette zimekuwa zikitoka kiwandani na Mobil 1 ya sinthetiki tangu 1992, na ringi zake zinakaa. Kwa injini iliyosuguliwa kwa mkono gerejini, ambako vilele ni virefu zaidi, bado naona busara katika oili ya madini kwa kilomita za mwanzo.

Injini yangu ilipofungwa mara ya pili, silinda zilisuguliwa upya na pistoni zikarudi zilezile na ringi mpya. Safari hii nilimwomba fundi asiiwashe mpaka maji, oili na mafuta viwe vimekaguliwa mara mbili, na ikishawaka tuangalie uvujaji kwa dakika chache kisha tuondoke. Aliketi kando yangu. Tulizunguka mtaani hadi oili ikapata joto, tukatoka nje ya mji. Gia ya tatu, kutoka raundi 2,000, mafuta kwa theluthi mbili ya pedali, hadi 4,000. Kisha mguu nje kabisa, gari likajishika lenyewe kurudi 2,000. Huko kujishika nako ni kazi: pistoni ikivuta hewa isiyokuwepo, oili hupanda kidogo ukutani na kuzisafisha zile chembe. Tukarudia, tukapumzisha injini kwa mwendo wa kawaida, tukarudia. Sikuikwamisha kwenye gia kubwa raundi zikiwa chini, maana huko mzigo unakuwa nyundo. Baada ya kilomita 80 tukamwaga oili. Ilikuwa na kimulimuli kama rangi ya kucha.

Jumamosi iliyofuata nilitoka Dar saa kumi alfajiri, kabla foleni haijaanza, nikapita Morogoro jua likichomoza, kisha Mikumi, nikibadilisha mwendo kila dakika chache. Kitonga nikaupanda kwa gia ya tatu na ya pili nyuma ya malori, raundi elfu tatu na kitu, turbo ikivuta kwa utulivu, na kurudi nikaushuka kwa injini badala ya breki. Kwa kilomita 1,000 za kwanza ilikula robo lita ya oili. Kwa 1,000 za pili, kiasi ambacho kijiti kilikionyesha kwa shida. Kwenye 3,000, pale ilipokuwa imeshindwa mara ya kwanza, nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakichovya tena, na oili ilikuwa kwenye alama ya juu.